Omukago wa Juisi ya Choya

Siku ile uwanjani kwangu tulikuwa hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili anayekaa Buhembe, ambaye nimemlea tangu aachishwe ziwa na sasa anaendesha bodaboda. Kijana mwingine wa bodaboda, mkubwa kwake kidogo, ambaye bibi yake na mimi tulifundishwa katekisimu pamoja Kashozi. Dada wa huyo kijana, fundi cherehani hapo sokoni, ambaye anakaa na kaka yake kwa sababu wazazi wao wametangulia. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye pekee katika ukoo wetu aliyewahi kuona omukago ukifungwa kwa macho yake, ingawa alikuwa mtoto na aliona akiwa juu ya mti. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye mama yake ni shangazi wa mume wangu, kwa hiyo nikimsema hapa nasema wa kwetu. Na muuguzi wa zahanati, ambaye si ndugu wa mtu yeyote hapa, ametoka mkoa mwingine, na aliingia na begi lake akiwa amekasirika kabla hata hatujamkaribisha kiti. Wengine wa kijiji walisimama ukutani kutazama.

Majina yao ninayo yote, pamoja na ya waliowazaa na ya waliowasimamia ubatizo. Siyaandiki. Kijiji chetu ni kidogo, kiko kando ya barabara ya kutoka Muleba kwenda Bukoba, na nikiyaandika nitakosa wa kukaa naye kwenye benchi Jumapili.

Ugomvi wenyewe ulianza na abiria. Tuna vijiwe viwili vya bodaboda. Kimoja kiko juu, karibu na kanisa la Walutheri, na hicho ndicho cha mjukuu wangu. Kingine kiko chini, karibu na ghala la kahawa, na mkubwa wa hapo ni huyo kijana mwingine, ambaye nitamwita kijana wa chini. Basi likimshusha mtu juu, ni wa juu. Likimshusha chini, ni wa chini. Lakini madereva wa mabasi hawakuuliza, wakawa wanashusha katikati. Abiria akawa anavutwa mkono mmoja huku na mwingine kule. Kuna mama mmoja alifika kwake salama akiwa hana mzigo, maana yeye alipandishwa pikipiki ya juu na mzigo wake ukapandishwa pikipiki ya chini, na mzigo ukatangulia kufika.

Tulicheka. Halafu siku moja vijana wakafungua minyororo ya pikipiki wakapigana nayo, mmoja akapoteza meno ya mbele, tukaacha kucheka.

Juu ya hayo, mjukuu wangu akaanza kusimama kwenye cherehani ya yule binti. Alikuwa na suruali moja iliyoshonwa mara nyingi kuliko ilivyochanika. Kaka mtu akaona. Akasema sokoni, mbele ya watu, bila kupandisha sauti: "Nikimkuta tena pale kwa dada yangu, bibi yake aje na beleshi amzoe."

Maneno hayo niliambiwa na watu tofauti tofauti kabla sijamaliza kuchagua dagaa. Nilizika mume, nikazika watoto wawili, wote kwa maradhi, na maradhi mtu unayasamehe kwa sababu huyajui yanakokaa. Lakini huyu kijana wa chini namjua anakokaa. Nilimpokea kwa mikono hii siku aliyozaliwa. Nilikuwa nikimwona mjukuu wangu anawasha pikipiki asubuhi, nasikiliza mlio mpaka unapotea, halafu nakaa nasubiri mlio urudi. Kazi za kibanja, shamba langu la migomba, zilikuwa zinanishinda kwa ajili ya kusikiliza.

Mwenyekiti alikuwa amekwenda semina Bukoba. Akarudi na begi jipya la mgongoni na neno jipya, kwamba vijana hawaachi ugomvi kwa kufokewa, wanaacha wakiwa na mtu mzima wanayemwamini. Alituita wazee wote tukakaa mbele ya ofisi ya kijiji, vijana wakasimama mstari, tukaambiwa kila mzee achukue kijana wa kumwamini. Sijui kama ndivyo walivyofundishwa. Tulichagua kama watu wanaochagua ndama. Waliolima walitaka wenye mabega. Jirani yangu alipewa kijana ambaye kila mtu anajua kwamba ndiye aliyeiba kuku zake. Mwenyekiti akamwambia, "Sasa huyu ndiye wa kukueleza siri zake." Jirani akasema, "Siri yake ninayoitaka ni moja tu, aniambie waliliwa wapi."

Hawakuaminiana. Kijana wa mwenyekiti mwenyewe alimkimbia.

Hapo ndipo shemeji yangu alipotoa shauri la omukago. Kwa wasiotoka kwetu, omukago ni udugu wa zamani wa Wahaya, wa kujifungia wenyewe, usiotokana na tumbo la mama. Mnachukua tunda moja la kahawa. Ndani yake punje ni mbili zimelala pamoja. Kila mmoja anajichanja kidogo tumboni, anapaka punje yake damu, anaiweka kiganjani, na mwenzake anaichukua kwa midomo na kuimeza. Basi mmekwisha kuwa ndugu. Ukimdhuru, kahawa ile inavimba tumboni mwako na unakufa. Shemeji alisema aliona wawili wakifanya hivyo na wakapendana mpaka wakachosha wake zao.

Mwenyekiti alifurahi sana. "Binamu, huo ndio uhusiano wa kuaminika wenyewe. Semina nzima ilikuwa inazunguka hapo, ila hawakujua pa kutua."

Akataka tuanze na wakubwa wa vijiwe, wengine wafuate. Upande wa chini mkubwa alijulikana. Upande wa juu hawakuwa na mkubwa, walimtaja mjukuu wangu kwa sababu ndiye aliyekuwa anatafutwa.

Ndiyo sababu tukawa uwanjani kwangu. Nilifagia, nikatandika majani ya mgomba, nikatoa viti. Muuguzi akafika. Akauliza nani anayechanja. Shemeji akatoa wembe kwenye bahasha.

"Mzee, hapa hachanjwi mtu."

"Waitu, muuguzi, ni kidogo tu. Karibu na kitovu."

"Hata kama ni karibu na pepo. Damu ya mtu haimezwi. Unajua magonjwa yaliyomo?"

"Wa zamani walimeza."

"Wako wapi?"

Shemeji alifikiri, akaona jibu halimsaidii. Mwenyekiti akauliza kama damu inaweza kutolewa kwa sindano zahanati, ikapimwa, ikarudishwa ikiwa safi. Muuguzi akalivuta begi lake karibu. Mtu mmoja pale ukutani akashauri achinjwe kuku itumike damu yake. Shemeji akakataa. "Watakuwa ndugu wa kuku. Kila mkimpika mmoja itabidi tulie msiba."

Ikabaki tuone ni kitu gani chekundu kitashika nafasi ya damu. Nyanya ikakataliwa kwa sababu ina mbegu. Mwishowe yule binti fundi, ambaye tulikuwa tumemwomba aje kusaidia kukaribisha watu, akatoka jikoni na sinia la vikombe vya choya, ile juisi nyekundu ya harusini. Wote tukatazama sinia. Muuguzi akaonja, akasema sukari imezidi lakini haiui. Shemeji akasema wakubwa wa zamani watatuelewa, maana wao walikuwa hawana zahanati.

Vijana wakakaa kwenye mkeka, magoti yamegusana. Kijana wa chini alikuwa amevaa reflekta yake kama mtu anayetaka kuondoka muda wowote. Mjukuu wangu alikuwa amevaa ile suruali. Shemeji akapasua tunda la kahawa, akachovya punje moja kwenye choya akampa huyu, akachovya ya pili akampa yule. Kisha akasimama akaanza kusoma masharti, na sauti yake ilikuwa nzuri siku ile, lazima niseme.

"Hutamnyanyulia mkono. Utaingia kwake bila kubisha hodi. Ukikuta chungu motoni, utafunua na utakula. Mgeni wako hali peke yake. Akikuomba, hutamnyima. Bibi yake ni bibi yako. Ng'ombe wake ni ng'ombe wako. Adui yake ni adui yako. Dada yake ni dada yako."

Kila sharti tuliitikia, "Na iwe hivyo."

Binti alikuwa bado ameshika sinia. Akasema, "Babu, samahani. Rudia hapo mwisho."

"Hapo wapi?"

"Pa dada."

Mwenyekiti akamwambia, "Binti, subiri, wazee wanafunga jambo." Na mimi pia nilimwonyesha kwa jicho anyamaze. Nilikuwa natazama mikono ya wale vijana, nikiona imelala magotini bila kitu ndani yake, na sikutaka mtu yeyote aikoroge. Binti akaliweka sinia chini taratibu. Wale wawili wakachukua punje kwa midomo, kila mmoja kiganjani mwa mwenzake, wakainua shingo kama kuku anayekunywa maji. Watu wakapiga makofi. Muuguzi akafunga begi lake.

Kesho yake nilikuwa jikoni, mara mlango ukajaa mtu. Kijana wa chini. Hakubisha hodi. Nikashika mwiko. Akaja mpaka mafigani, akafunua chungu changu cha ndizi na maharage, akatazama, akavuta kigoda.

"Bibi, leo hujaweka chumvi."

Akala. Alikula kama anayetimiza sheria, bila kufurahi, mpaka akakwangua. Mjukuu wangu aliporudi, akamkuta. Wakatazamana. Masharti hayakusema kitu juu ya mazungumzo. Mjukuu wangu akageuza pikipiki akaenda kwa yule kijana, kwa sababu na yeye alikuwa na haki ya chungu cha kule. Chungu cha kule kilipikwa na yule binti. Kijana wa chini alipokumbuka hilo aliacha kijiko akamkimbilia, na sharti likamkamata huko: mgeni wako hali peke yake. Ikambidi akae ale chakula cha pili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa msimu mzima. Mchana wanakula kwangu wawili, halafu wanakwenda kula kwa binti wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake. Wakanenepa. Muuguzi aliwakuta njiani akawaambia wapunguze.

Barabarani ilikuwa vibaya zaidi. Akikuomba, hutamnyima. Basi likishusha abiria katikati, kijana wa chini anasema, "Mchukue wewe, ndugu yangu." Mjukuu wangu anasema, "Hapana, mchukue wewe." "Nakuomba umchukue." "Na mimi nakuomba." Abiria amesimama na begi kichwani. Mwalimu mmoja alisubiri wamalize kupeana heshima, mwishowe akatembea kwa miguu, na wakamfuata nyuma taratibu na pikipiki zao mbili zikiwa tupu, wakibembelezana, mpaka mlangoni kwake. Vijiwe vyote viwili vikaona aibu. Lakini minyororo ilikaa kwenye pikipiki ilikotengenezewa kukaa. Vijana wengine nao wakapatana bila kahawa, wakasema bora amani kuliko kula mara mbili.

Mwenyekiti alituma habari wilayani kwamba kijiji chetu kimetulia. Wageni wakaja na gari, wakapiga picha chungu changu.

Kijana wa chini akaanza kuchelewa kuondoka. Mwanzo alikuwa anakula na kwenda. Siku moja nikamkuta anakata majani makavu ya migomba yangu. Nikamwambia acha, hilo si sharti. Akasema, "Bibi, yananikera tu." Siku nyingine akaniuliza bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa alikufa yeye hajapata akili. Nikamweleza alivyokuwa anaimba kwa sauti ya kiume kanisani, na padre akageuka kutafuta ni nani. Alicheka akiwa ameinamia sahani. Sikuwahi kumwona akicheka tangu alipokuwa na meno ya utoto.

Halafu, senene walipoanza kuanguka, mjukuu wangu akaja kukaa karibu na miguu yangu. Nilijua ni jambo, kwa sababu hakuwa na njaa.

"Bibi, nataka kumuoa yule binti. Na yeye amekubali."

Nilimshukuru Mungu. Niliona huo ndio mwisho mzuri wa kila kitu. Nikamwita shemeji yangu nimtume akapeleke maneno kwa kaka mtu, maana ndiye baba wa nyumba ile. Shemeji alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Haiwezekani. Ni dada yake."

"Dada yake kwa nani?"

"Shemeji, ulikuwepo. Uliitikia. Tena wewe uliitikia kwa nguvu."

Nikayapitia masharti moja moja kichwani, bibi, ng'ombe, adui, mpaka nikalikuta. Tulikuwa tumewapatanisha kwa kitu kile kile kinachomnyima mmoja wao mke, na mke mwenyewe ndiye aliyetaka kutuambia, tukamnyamazisha.

Mjukuu wangu alisikia. Alinyanyuka akasema kwa utulivu ulionitisha, "Basi mlinifunga kamba mkaniambia ni mkanda. Sawa. Udugu wenu mimi siutaki. Kesho ni siku ya soko, tutamalizana tulivyoanza." Jioni vijana wa juu walionekana wamekaa pamoja upya, na wa chini nao wakakaa. Nilianza tena kusikiliza milio.

Asubuhi, kabla soko halijajaa, nilituma watu wawaite wote waje kwangu. Walikuja wale wale, hata muuguzi, ambaye alisema safari hii anakuja na nyuzi za kushonea. Wale vijana wawili waliacha pikipiki zao pale kwenye ua, kila moja ina mnyororo umeviringishwa kwenye mpini, na mnyororo wa pili, ule wa kuendesha gurudumu, uko mahali pake. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa ametoka nyumbani na mnyororo wa ziada.

Wazee wakaanza kujadili. Ilikuwa mambo ya ajabu, nayaandika kama yalivyosemwa. Mwenyekiti aliuliza kama choya inafunga sawasawa na damu. Shemeji akasema kama haifungi, basi na amani iliyopelekwa wilayani haipo. Mwenyekiti akasema inafunga. Mtu akasema, kijana ni ndugu, na ndugu akiomba hanyimwi, kwa hiyo amwombe dada na apewe. Shemeji akasema atapewa, lakini atakapopewa atakuwa amepewa dada. Mwingine akauliza kama udugu unaweza kusimamishwa kwa wiki ya harusi, halafu ukaendelea. Muuguzi alikuwa ameshika kichwa.

Shemeji akamgeukia mjukuu wangu. "Tuanzie mwanzo. Ulimeza?"

Mjukuu wangu alitazama chini. "Sikumeza."

"Ulifanya nini?"

"Niliweka chini ya ulimi. Mlipopiga makofi nikaitema."

Mwenyekiti akasema, "Sasa tumepona. Hakuna udugu, aoe." Ni yeye peke yake aliyeona tumepona. Kijana wa chini alikuwa amesimama.

"Yaani umekaa kwangu," akasema. "Umekula chungu changu. Nilikuwa nakugeuzia mgongo nikinawa mikono. Na wewe hujafungwa na kitu."

"Nisikilize."

"Ulikuwa unanichora tu."

Akatembea kwenda kwenye pikipiki yake. Hakukimbia. Mkono wake ukafika kwenye mpini. Mjukuu wangu naye alikuwa amesimama, lakini hakwenda kwenye pikipiki yake. Alisimama tu, mikono imening'inia. Nilimwita kwa jina lake la ubatizo, halafu nikamwita yule mwingine kwa la kwake. Hakuna aliyegeuka.

Aliyezungumza ni binti. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Kaka," akasema, "siku ile baada ya watu kuondoka, uwanja nilifagia mimi."

Akanyoosha vidole viwili.

"Punje zilikuwa mbili."

Mkono wa kijana wa chini bado ulikuwa kwenye mnyororo, lakini ulikuwa umelegea, kama mkono wa mtu aliyesahau alikuja kuchukua nini.

"Ile choya," akasema, "ilikuwa na sukari nyingi. Ilinichefua."

"Kaka."

"Niliitema. Ndiyo. Niliitema nikipangusa mdomo."

Mjukuu wangu akamwuliza, "Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Ulijua wewe ni huru?"

"Nilijua."

"Na ile siku pikipiki iliponiharibikia mteremkoni, tuko wawili tu, mimi nimeinama na spana. Mbona hukunipiga?"

Kijana wa chini alifikiri. Alikuwa anatafuta neno kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Nilijua wewe umemeza. Ningekupigaje, mtu aliyemeza?"

Mjukuu wangu akasema, "Na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo."

Shemeji akaketi. Alionekana mzee ghafla. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kwa mwenendo huo hakuna aliyefungwa na chochote, basi sisi tulikuwa tunafanya nini msimu mzima. Muuguzi akamjibu, na ni mara ya kwanza alimjibu kwa upole: "Mzee, walikuwa wanakula."

Nilimgeukia binti. Nikamwuliza, "Mwanangu, ulijua muda wote. Kwa nini hukusema, na wewe ndiye uliyekuwa unakosa mume?"

"Ningesema, Bibi, wangerudi kwenye minyororo. Niliona bora nimkose mmoja akiwa hai." Akapangusa mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji. "Leo nimesema kwa sababu nimeona mmefika mwisho wa akili zenu."

Shemeji, heshima yake ilikuwa imeumia, akasema basi jambo lifanywe upya, safari hii sawasawa, na aangaliwe kila mmoja chini ya ulimi. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta wembe. Binti akasema, "Babu, mkianza upya, mimi nafunga cherehani naenda kuomba utawa Kashozi." Kaka yake akamwambia, "Wewe ni Mlutheri." Akasema, "Wataona hali yangu." Ndipo mwenyekiti akafunga kikao, na hayo ndiyo maamuzi pekee mazuri niliyowahi kumwona akiyafanya.

Maneno ya posa yalipelekwa pale pale, kwa kuwa wote tulikuwepo. Shemeji aliyasema. Kijana wa chini, kama baba wa nyumba, alitakiwa kujibu kwamba atafikiri, ndivyo desturi inavyotaka, hata kama umeshakubali tangu juzi. Akasema atafikiri. Kisha akauliza kama kuna chakula.

Wameoana, kanisa la kule juu. Sasa wale wawili ni mashemeji, na wamerudi kugombea abiria kama watu wenye akili timamu, wanavutana na kutukanana, na jioni kila mmoja anafika kwake. Vijana wengine wakikorofishana wanaletwa kwangu wakae jikoni. Mwenyekiti ameuandika mpango huo kwa jina refu. Mimi ninaongeza ndizi tu chunguni.

Jambo moja bado linanisumbua. Baada ya maneno yale, kabla ya posa, wale vijana waliketi kwenye mkeka mmoja, na nimekuwa nikisimulia kwamba kijana wa chini ndiye aliyeketi kwanza. Mjukuu wangu anasema ni yeye. Shemeji anasema waliketi pamoja. Muuguzi anasema mkeka haukuwepo, walikaa chini. Mimi ninakumbuka mkono wa kijana wa chini ukiachia pikipiki, halafu ninamkumbuka ameketi, lakini hatua za katikati sizioni, nadhani nilikuwa nimefumba macho. Wewe uliyekuwepo pale, hata kama ulisimama nyuma ukutani, kama ninakosea, pita nyumbani uniambie. Usibishe hodi.